Nitamwambia Kobe Tu

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na cherehani nayo nzima baada ya kunisumbua wiki mbili. Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu ipo, lakini ni moja, na anayeishika si mimi. Mwanao anajua namba yangu ya siri, anafungua ujumbe wangu kabla yangu, kisha ananisimulia nimeandikiwa nini. Nikitaka kusema jambo lake bila yeye kulijua, sina njia ila hii. Yule dereva wa lori wa nyumba ya pili anapita huko kwenu mara mbili kwa wiki. Amekubali kubeba barua kwa sharti la kushonewa suruali. Ukitaka kujibu, mpe yeye huyohuyo.

Jambo lenyewe ni kwamba Chiriku hasemi siku hizi. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anaongea tangu anafumbua jicho mpaka analifumba, na mimi nilikuwa namsihi aniachie hata nusu saa nisikie cherehani yangu. Sasa nimeachiwa siku nzima. Akitoka shule anavua viatu, anakula kwa kusimama, kisha anaingia chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa na simu mkononi. Anacheza ule mchezo wa kujenga visiwa. Kila mtoto ana kisiwa chake humo, wanatembeleana, wanaandikiana. Mimi nakaa juu nashona sare za shule, yeye yuko chini, naweza hata kumgusa kwa mguu, lakini ni sawa na mtu aliyesafiri.

Ana rafiki humo anayejiita Kobe. Anasema ni msichana wa miaka kumi na miwili kama yeye, na jina linamfaa kwa sababu anachelewa kuandika. Nilimwomba anionyeshe wanachoambiana, akanionyesha kidogo, simu kaikamata yeye. Mdogo wangu, sikusoma sana lakini si mjinga. Huyo Kobe anamuuliza amekula nini. Anamuuliza kama kikohozi kimepungua na kama amemaliza dozi. Mtoto gani anamuuliza mwenzake kama amemaliza dozi? Juzi kamwomba picha, eti amwone alivyopendeza na sare mpya. Tena kamwambia asiniambie mimi, iwe siri yao wawili, kwa kuwa watu wazima hawaelewi mambo ya michezo.

Roho iko juu. Nasikia habari za watu wazima wanaojifanya watoto humo ndani. Wanawazoea, wanawapa vizawadi, mwishowe wanawadai vitu visivyosemeka. Nataka kuipeleka simu kwa mwalimu wao wa kompyuta aniangalizie. Nimeona nikuulize kwanza, maana mtoto ni wako, mimi nimeachiwa tu.

Dada yako

8 Machi

Dada,

Barua imefika, inanuka dizeli lakini imefika. Nimeisoma kwenye chumba cha mashuka, mashine zikizunguka. Pale pa suruali ya dereva nilicheka peke yangu. Sikuwa nimecheka tangu mwezi uanze, na hakuna aliyeniuliza nacheka nini. Watu wa huku si wabaya. Wananiita "wa mashuka", basi. Mashuka ya hospitali nzima yanapita mikononi mwangu, ya waliojifungua na ya waliofariki, na nikitoka kazini naweza kuwa sijasema neno zaidi ya "lete" na "chukua".

Kuhusu Chiriku, usiumize kichwa. Ni umri. Hata mimi nikimpigia Jumapili ananijibu "nzuri", "sawa", "ndiyo", mpaka naona ninamchosha, naaga mwenyewe. Lakini huyo Kobe mimi simwoni na ubaya. Kuna watoto wamelelewa na bibi zao, wanaongea kikubwa. Ikiwa mtoto anashinda peke yake na yuko mtu mmoja wa kumuuliza amekula nini, mwachie huyo mmoja. Usiende kwa mwalimu. Mwalimu atalikuza jambo, mtoto ataaibika mbele ya wenzake. La picha niachie, nitazungumza naye mimi.

Nakushukuru kwa kumwangalia. Najua nimekutwika, na sijui kusema asante inavyotakiwa.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Usinikasirikie. Barua yako ilinikuta nimeshakwenda kwa mwalimu, na hata kama ingewahi, ningekwenda. Umeniandikia kama mtu aliyeketi mbali sana na jambo. Mimi nimelikalia hapa hapa.

Mwalimu wa kompyuta ni kijana mtaratibu, ana tai fupi inayoishia kwenye tumbo. Tulikaa naye ofisini, akafungua mazungumzo ambayo Chiriku hakuwa ameyafuta. Tumeona zawadi Kobe alizokuwa akimpa humo kwenye mchezo, miti ya maua na ngazi na vitanda. Tumeona alivyokuwa akimwambia akalale, akaoge, asijikune. Halafu tukafika mahali Kobe ameandika: "Usikae kwenye ule mlango wa bluu, kuna upepo." Nilimuuliza Chiriku kama aliwahi kumwambia mtu mlango wetu ni wa bluu. Anaapa hakuwahi. Mtu huyo anaijua nyumba yetu.

Mwalimu akanionyesha pa kuripoti. Tulijaza, tukatuma, na baada ya siku mbili wenye mchezo wakajibu kwamba Kobe ni mtu mzima aliyejiandikisha kwa umri wa uongo, na wamemfungia moja kwa moja. Nilipiga magoti pale pale kwenye vitambaa. Nikamwonyesha Chiriku jibu lile nikidhani atashukuru. Alilia bila sauti. Siku mbili hakugusa chakula, na alipogusa alikula huku amenipa mgongo.

Habari njema ni kwamba amepata rafiki mwingine, mvulana wa miaka kumi na mitatu anayeitwa Pacha. Huyu nimemkagua mwenyewe. Haulizi chochote. Hajui tunakaa wapi wala hataki kujua. Ni kucheza tu na kuchekeshana, na kumpa pole kwa kuondokewa na Kobe. Kamzawadia yule mwanasesere wake wa kwenye mchezo mabawa ya dhahabu, amefurahi hata akanionyesha bila kuombwa. Mwalimu naye kamtupia jicho, akasema huyu anaandika kitoto kabisa. Jana nimemsikia Chiriku akicheka chini ya meza. Kwa hiyo na wewe tulia. Kobe ameondoka, nimeshusha pumzi.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Jana nilipokupigia nilisema kwamba Pacha si mtoto, umnyang'anye simu sasa hivi. Uliponiuliza nimejuaje nikasingizia salio limekwisha. Salio lilikuwepo. Nakujibu sasa.

Kobe ni mimi.

Ilianza mwezi wa nane. Mfanyakazi mmoja alikuwa anahama, akaniuzia simu yake, na mchezo ule ulikuwa umo ndani kwa sababu ya watoto wake. Chiriku aliwahi kunitajia jina la kisiwa chake siku moja ya Jumapili. Nikasema niende nikakione tu. Nikamkuta anapanda maua. Akaniandikia, "We nani?" Nilitaka kuandika mama. Nikafikiri, nikiandika mama nitajibiwa "nzuri", "sawa", "ndiyo". Nikaandika Kobe, miaka kumi na miwili.

Akaongea, dada. Aliongea kama zamani, mpaka vidole vyangu vikashindwa kumfuata. Ya darasani, ya mwenzake aliyeng'olewa jino, ya wewe na mteja aliyekataa gauni mara nne. Mapumziko yangu yanaangukia saa yake ya kutoka shule. Kila siku nusu saa nilikuwa na mtoto wangu, kisha narudi kwenye mashuka. Nilimwambia iwe siri kwa sababu nilikuogopa wewe. Wewe ungenijua kwa mstari mmoja. Picha ya sare niliiomba mimi. Mlango wa bluu nilijisahau.

Ubaya wangu haujaisha. Pacha ninamjua tangu Februari, na alinijia mimi kwanza. Aliamini ni mtoto wa miaka kumi na miwili, maana ndivyo nilivyojiandika. Wiki nzima alinichekesha tu, haulizi chochote, kama ulivyoona wewe. Kisha zawadi. Kisha akasema tuhamie kwenye mtandao mwingine, humu wasimamizi wanasoma. Nilimfuata ili nione anaelekea wapi. Huko akaomba picha ya sare. Aliyoyataka baada ya hiyo sitayaandika kwenye karatasi inayobebwa na mtu. Mimi ni mtu mzima na nimezaa, na niliposoma niliifunika simu kwa shuka.

Sikumripoti. Nilihofia wakimchunguza yeye watanichunguza na mimi, na Chiriku atajua. Nilimfungia upande wangu, nikamwambia Chiriku kwa mdomo wa Kobe asimkaribie. Akanisikiliza, na nikajidanganya kwamba hiyo inatosha. Wewe ulipomfukuza Kobe ulifanya ambalo hata mimi ningefanya. Ila baada ya hapo hakubaki mtu wa kumwambia mtoto asimkaribie.

Nenda naye polisi, dada. Wape jina la Pacha na la Kobe pia. Matusi utanitumia baadaye.

Mdogo wako

24 Machi

Mdogo wangu,

Matusi niliyaandika kwanza, kwenye karatasi ya kuchorea gauni, pande zote mbili, kisha nikaichoma. Hii ni barua ya pili.

Mlango wa bluu. Nilibadilisha kitasa kwa ajili yako. Nilikuwa naweka kiti nyuma ya mlango mchana kweupe, wateja wananiuliza kama nimeanza kuogopa wadai. Miezi saba unakaa na mtoto kwenye simu yangu, chini ya meza yangu, na mimi sina hata salamu. Ungeniambia, ningekupikia maneno ya kumwambia. Ningekaa na wewe humo humo kisiwani. Unadhani wewe peke yako ndiye uliyeachwa?

Yaishe. Simu iko kituoni, kwenye dawati la watoto. Afisa wa pale ni dada mmoja mpole, haandiki mpaka umemaliza kusema. Wamekuta picha mbili za sare ambazo Chiriku alimtumia Pacha, na beji ya shule inasomeka. Mengine Chiriku aliyafuta niliponyosha mkono kuichukua simu. Kwa hiyo mtu yule anajua shule, nasi hatujui anajua nini zaidi. Afisa anataka kujua kama kuna picha nyingine, kama Pacha amempa siku ya kukutana, na ni mahali gani. Jina Pacha alilojiandikisha nalo ni la uongo, halimfikishi afisa popote. Bila mtoto kusema, hawana pa kuanzia.

Mtoto hasemi. Afisa kajaribu, mwalimu kajaribu, mimi nimebembeleza, nimefoka, nimelia. Nimefunga duka asubuhi na mchana ili nimpeleke shule na kumrudisha. Kila mwanamume aliyesimama karibu na geti namkodolea macho mpaka aondoke. Jana nimemfanyia hivyo fundi bomba wa shule, maskini ya Mungu, na alikuja kuzibua vyoo.

Leo asubuhi tukiwa njiani Chiriku akasema neno la kwanza kwa siku tano. "Nitamwambia Kobe tu. Kobe alinionya, na hakunipigia kelele."

Sasa nisikilize. Andika barua kwa jina la Kobe. Nitasema afisa ndiye kaileta. Muulize hayo anayoyataka afisa, atakujibu siku hiyohiyo, namjua. Ndiyo, ni uongo juu ya uongo. Lakini mtu yule yuko nje, na sijui amepanga siku gani. Tukishapata jibu Kobe afe zake, na Chiriku asijue kamwe.

Dada yako

28 Machi

Dada,

Barua ya Kobe nimeiandika mara mbili na mara mbili nimeichana. Ilikuwa nzuri, ungeisoma ungeamini. Niliyoiweka humu ndani ni yangu. Mpe aisome mwenyewe, asisomewe. Akikataa kusema baada ya hapo, lawama ni yangu na nitaibeba.

Mdogo wako

28 Machi

Chiriku mwanangu,

Mama Mkubwa ameniambia kuna mambo utamwambia Kobe tu. Kobe ndiye anayekuandikia. Kobe nilikuwa mimi, mama yako, tangu siku ile uliponiuliza "we nani" ukiwa unapanda maua. Hakuna msichana mwingine. Hakuna kaka anayepiga ngoma wala paka aliyevunjika mguu. Nilivitunga vyote, kisha nikawa sijui jinsi ya kuvirudisha.

Ningeweza kukuandikia leo kama Kobe, ukaniambia kila kitu. Tungepata tunachokitafuta, na wewe ungekuwa umedanganywa tena, safari hii na mama yako akijua kabisa anachokifanya. Nimeshindwa. Bora unichukie mimi mwenyewe kuliko umpende mtu asiyekuwepo.

Nilikosea jambo moja kubwa kuliko yote. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba rafiki mwema anaweza kusema "usimwambie Mama Mkubwa". Pacha alipokuja na maneno yaleyale ulikuwa umeshayasikia kwa mtu anayekupenda. Ungejuaje? Si kosa lako. Kuhama mchezo si kosa lako. Picha si kosa lako, ya kwanza, ya pili, hata kama iko ya tatu na ya kumi. Ikiwa amekutisha kwamba atawaonyesha watu, hiyo ndiyo kazi yake, huwatisha wote. Hakuna picha itakayotufanya mimi na Mama Mkubwa tukutazame kwa jicho jingine.

Kama amekutajia siku au mahali, usiniandikie mimi. Mimi niko mbali na barua inatembea siku nne. Mwambie yule afisa, leo, Mama Mkubwa akiwa amekushika mkono au akiwa nje ya mlango, utakavyo wewe. Ukimaliza, nikasirikie. Ukininyamazia mimi mwaka mzima nitaelewa. Usiwanyamazie wao.

Mama yako

7 Aprili

Mama,

Mama Mkubwa amesema niandike chochote ninachotaka, yeye hatasoma. Najua atasoma, kwa hiyo, Mama Mkubwa, acha kusoma.

Barua yako niliisoma chini ya meza, halafu nikaenda kukaa chooni kwa sababu ndiko kuna mlango unaofungwa kwa ndani. Nilitaka kuichana. Sikuichana kwa kuwa hujawahi kuniandikia mimi peke yangu.

Nilikwenda kwa yule afisa siku hiyohiyo. Mama Mkubwa alikaa nje. Pacha alisema tukutane Ijumaa baada ya mtihani, nyuma ya duka la madaftari, ataniletea simu yangu mwenyewe ili nisiwe naazima. Alisema nisipokwenda atawatumia picha wazazi wote wa darasa letu, na anajua nani ni nani. Ilikuwepo picha nyingine moja. Sikutaka kuipiga. Nilimwambia afisa hata hiyo. Hakunigombeza. Aliandika, kisha akanimiminia maji.

Ijumaa sikwenda shule, mwalimu ataniletea mtihani wangu nyumbani. Nyuma ya duka la madaftari mtu alikuja kweli na polisi wakamkamata. Sikuonyeshwa. Nilimuuliza Mama Mkubwa, aliyemwona kituoni, anafananaje, akasema ana miwani na mfuko wa plastiki, na kwamba akisimama mbele yako kwenye foleni humkumbuki ukifika nyumbani. Ndani ya mfuko simu ilikuwemo. Ilikuwa mpya, na walisema ameshaandika jina langu kwenye boksi. Afisa anasema kuna watoto wengine, wanawatafuta mmoja mmoja. Simu ya Mama Mkubwa bado wameishikilia.

Usiniandikie pole kwa hayo. Watu wote wananipa pole, hata yule dereva wa lori, ambaye hata hajui ni ya nini.

Pale dukani naogopa kupita, tunazunguka. Lakini kinachoniuma zaidi ni Kobe. Nilikuwa na rafiki mmoja na sasa sina. Darasani wanajua kuna jambo, hawajui ni lipi, basi wananiachia nafasi kubwa kwenye benchi. Kila kitu kinachotokea naona nimsimulie Kobe, halafu nakumbuka. Hata siku waliyomkamata Pacha, nilitaka kumsimulia Kobe. Na yule paka nilikuwa namwombea dua.

Mwezi wa kumi na moja nilimwambia Kobe kwamba nimeanza kusahau uso wa mama yangu. Kwamba naijua ile picha ya ukutani, lakini nikifumba macho simwoni anavyosogea. Sikuwahi kumwambia mtu mwingine. Kobe alichelewa sana, nikadhani intaneti imekatika. Kisha akaandika "pole", akaondoka.

Ulikuwa wewe. Nataka kujua muda ule wote ulipochelewa ulikuwa unafanya nini. Usinitungie.

Chiriku

12 Aprili

Mwanangu,

Sitatunga.

Nilikuwa nimekaa juu ya beseni lililopinduliwa, kati ya mashine ya tatu na ya nne. Niliposoma ulichoandika nilisimama, nikaenda kwenye kioo cha pale tunaponawia mikono. Nilitaka kuona ni kitu gani umekisahau. Nikakuta hata mimi nilikuwa sijamtazama mtu yule kwa miezi. Nikarudi nikakaa, nikaandika mistari mingi na kuifuta. Yote ilikuwa ya mama, hakuna hata mmoja ambao msichana wa miaka kumi na miwili angeuandika. Kengele ya kazi ikalia, nikaandika "pole". Siku ile nilikunja mashuka mpaka jioni na sikumbuki hata moja.

Ile picha ya ukutani ni ya zamani, kwa hiyo nakuandikia nilivyo leo. Nimekonda mashavu. Nina mvi upande wa kushoto, mbele, nachana nywele kuzifunika na hazifunikiki. Ncha za vidole zimepauka kwa dawa ya kufulia. Natembea haraka, lakini jioni mguu wa kulia unaburuta kidogo kwa kusimama kutwa. Nikisoma nasogeza midomo. Barua yako niliisoma hivyo mbele ya watu, nikaona wananitazama, nikaendelea. Nikicheka nafunika mdomo kwa mkono. Zamani sikuwa nafunika, sijui nimeanza lini. Nikitaka kulia natazama juu, darini, mtu akinikuta ataona natafuta buibui. Muda ule wote Kobe alipochelewa, nilikuwa natazama juu.

Jumapili saa nane mchana nitapiga kwa simu ya mwalimu, amekubali kuja nyumbani nayo. Usijilazimishe kusema chochote. Hata ukinyamaza sitakata.

Mama yako